Zamu ya Mguu wa Mbao

Chumba ninachofanyia kazi zamani kilikuwa stoo ya plasta. Hakina dirisha la nje. Kina mlango mmoja unaojifunga wenyewe, na kidirisha kidogo kinachotazama karakana, ambacho mtunza stoo alikitumia kuwapitishia mafundi ndoo zao. Siku hizi humo tunakaa wawili tu, mimi na Ghala.

Ghala ni sanduku jeusi lenye kimo cha friji ndogo. Linanguruma kutwa nzima na linataka ubaridi kuliko binadamu, kwa hiyo mimi huvaa sweta hata siku ambazo mafundi upande wa pili wanajipepea kwa makaratasi. Mafaili yote ya karakana yamo ndani yake. Zamani kila kompyuta ilitunza ya kwake, na fundi aliyetaka faili la mwenzake alitembea na flashi mfukoni. Ghala lilipokuja, kila kompyuta ikawa inafungua mafaili kupitia waya kana kwamba yamo tumboni mwake yenyewe. Kazi yangu ni kuangalia kwamba kompyuta, nyaya na Ghala havigombani. Mafundi wananiita Dada Nyaya. Jina hilo sikulichagua, lakini sikulikataa pia. Mimi si mtu wa kukataa mambo mbele za watu, na mengi ya yaliyotokea yalianzia hapo.

Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia. Sehemu ngumu ya mguu si unyayo wala goti. Ni kikombe, yaani pale kigutu cha mtu kinapoingia na kukaa. Kikombe kikipwaya, mtu anachechemea na mgongo unaanza kumsumbua. Kikibana, ngozi inachubuka na baada ya wiki mguu unawekwa juu ya kabati, mtu anarudia magongo yake. Tofauti ya unene wa kucha inatosha.

Mpimaji wetu ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Ana miaka ishirini na nane katika kazi hii. Kwanza anapitisha kamera ya kupimia kuzunguka kigutu, picha inaingia kwenye programu ya kuchora vikombe. Halafu anapima upya kwa mikono yake na kuurekebisha mchoro, kwa sababu kamera inaona ngozi tu. Haijui wapi pana mfupa na wapi panauma. Mwisho anafanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote: anazungusha uzi wa katani kwenye kigutu, anapiga fundo pale unapokutana, na kuutundika ukutani kwenye msumari. Kila mgonjwa na uzi wake. Uzi unakaa pale mpaka mwenyewe aondoke akitembea. Siku hiyo Mjomba anafungua fundo kwa kucha, anaunyoosha uzi kwenye paja lake na kuutia mfukoni.

Katika muda wa miezi miwili, vikombe vitatu vilitoka na kipimo kibaya.

Cha tatu kilikuwa cha fundi cherehani mmoja, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, ambaye alitaka mguu kwa ajili ya kitu kimoja tu: kukanyaga pedali ya cherehani yake. Alikaa kwenye benchi, Mjomba akamvalisha, akasimama, akapiga hatua mbili akishika vyuma vya pembeni. Kisha akasimama akiutazama mguu kama anayetazama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine.

"Mjomba," alisema, maana karakana nzima humwita hivyo, "huu mguu ni mzuri. Mwenyewe huko aliko hautafuti?"

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alitoa uzi wake msumarini, akauvisha kwenye kigutu cha yule mama, ukakaa sawasawa. Akautandaza ndani ya kikombe, haukufika kwenye kuta zake. Ulipungua kwa upana wa kidole.

Mkuu wa karakana alikuja na kulifungua faili. Mle ndani mlikuwa na kipimo kikubwa, kile cha kamera, kabla ya kurekebishwa. Kilihifadhiwa saa tano na dakika kumi asubuhi, kwa jina la Mjomba. Mafaili ya vikombe viwili vya kwanza yalikuwa hivyo hivyo. Mjomba alisema aliyarekebisha yote matatu, akaonyesha nyuzi.

"Uzi hauna tarehe," alisema Mkuu. Hakusema kwa ukali. Mkuu ni mwanamke wa haki, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Siku ya pili Mjomba akapewa barua: aeleze kabla ya mwisho wa mwezi kwa nini asiondolewe kwenye upimaji na kupelekwa stoo kungojea kustaafu.

Mimi nilijua ukweli ndani ya siku tatu. Nilichukua kompyuta mbili nikaziweka juu ya meza yangu, nikafungua faili moja kwenye zote mbili. Kwenye ya kwanza nilibadilisha kipimo, nikahifadhi. Kwenye ya pili, iliyokuwa bado inaonyesha kipimo cha zamani, nikahifadhi pia. Kitabu cha programu kinasema kwamba faili likiwa limefunguliwa na mtu, mtu wa pili ataonywa na kuzuiwa. Hakuna aliyeonywa. Kompyuta zote mbili zilinionyesha alama ya kijani na neno "Imehifadhiwa," na ile ya pili ikawa imeifukia kazi ya ile ya kwanza bila hata kukohoa.

Hapo nikaelewa. Fundi wa kuchonga hulifungua faili mapema, picha ya kamera ikishaingia tu, ili ajue akate gogo la ukubwa gani. Akimaliza anabonyeza hifadhi kabla ya kufunga, kwa mazoea, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Kati ya kufungua kwake na kufunga kwake, Mjomba anakuwa amekwisha rekebisha. Mchongaji akibonyeza, marekebisho yanafukiwa na kipimo cha kamera kinarudi.

Nilikwenda kwa Mkuu karibu nikikimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wewe ni mpwa wake," alisema. "Nikiandika kwamba mashine ndiyo yenye kosa kwa sababu mpwa wa fundi amesema, bodi watanicheka. Niletee karatasi ya waliotuuzia. Wao si ndugu zake."

*

Waliotuuzia walikuwa wawili. Kampuni moja ilituuzia Ghala, nyingine ilituuzia programu ya kuchora vikombe, na kila moja ilikuwa na namba ya simu ya huduma.

Mimi simu inanitisha. Kabla ya kumpigia mtu nisiyemjua, naandika kwenye karatasi kila nitakachosema, pamoja na habari za asubuhi. Wiki ile niliandika karatasi nyingi.

Kwa watu wa Ghala alipokea dada mmoja ambaye kabla ya salamu alitaka namba ya tatizo. Nilimwambia sina. Akasema namba inatolewa kwenye tovuti. Tovuti ikataka namba ya mkataba, mkataba ulikuwa kabatini kwa Mkuu, na Mkuu alikuwa kwenye kikao. Nilipopata namba zote hizo na kurudi kwake, Dada Namba alinieleza kwa upole kwamba Ghala halina shida yoyote. Ghala linafanya kile linachoombwa. Programu yetu inaomba kufungiwa faili, wengine wasiliguse, kwa mtindo wa zamani, basi niwaulize wenye programu.

Kwa wenye programu alipokea mwanamume mwenye sauti ya kubembeleza. Kila nilipomaliza sentensi alisema pole. Nilihesabu pole tisa. Akanieleza kwamba programu yao imejaribiwa na inafanya kazi vizuri mno mafaili yakikaa ndani ya kompyuta yenyewe. Kuhusu maghala ya mtandaoni hawawezi kuahidi kitu, kwa hiyo niwaulize wenye Ghala, au, kama ningependa ushauri wake binafsi, tuliondoe Ghala. Pole sana.

Niliwapigia tena na tena. Dada Namba alinipeleka kwa Bwana Pole, Bwana Pole akanirudisha kwa Dada Namba. Nilikuwa kama mtu aliyesimama katika ukumbi wenye milango miwili, na kila mlango umebandikwa tangazo la kumwelekeza apitie ule mwingine. Muziki wao wa kungojea nikaujua kwa moyo. Wa Ghala ulikuwa kinanda, wa programu ulikuwa filimbi. Jumapili Mjomba alipokuja kula kwetu kama kawaida yake, nilijikuta naosha vyombo huku napiga kwa mluzi ule wimbo wa filimbi. Mama aliniuliza mbele yake kama kazini kuna amani. Mjomba akanitazama. Nikasema ipo. Mama akamwongezea mchuzi.

Huku nikingoja, sikuweza kuacha kikombe cha nne kiharibike. Juu ya kabati langu kulikuwa na mguu wa mbao, kipande cha chini tu, unyayo na kifundo, ambao Mjomba aliuchonga enzi za ujana wake walipokuwa bado wanachonga kwa patasi. Mtunza stoo aliutumia kuzuia mlango. Asubuhi moja niliutoa mpaka katikati ya karakana, na kwa sauti ambayo mchongaji baadaye alisema ilifanana na ya mbu mwenye mafua, nikatangaza utaratibu mpya. Anayetaka kufungua faili aje kidirishani kwangu achukue Mguu, auweke mezani pake, afanye kazi yake, ahifadhi, afunge, aurudishe. Asiye na Mguu asiguse faili. Programu ilikuwa imeshindwa kuwafanya wangojane, basi watangojana kwa mbao.

Walicheka sana. Mchongaji akawa akiupokea anaupa mkono wa salamu. Siku nyingine alilalamika kwamba amekaa nao tangu asubuhi na haujamwambia hata neno moja, afadhali mke wake akinuna. Lakini waliufuata. Tangu siku ile hakuna faili lililofukiwa.

Ila kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono mingi sasa ilipita kwenye tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa kidirisha changu. Siwezi kutoka, maana nikitoka hakuna wa kutoa Mguu wala wa kuupokea. Mara moja nilisahau nikaenda nao chooni. Niliporudi, foleni ilikuwa imefika kwenye mashine ya kusaga, na mzee wa mikanda, anayeshona mikanda ya kufungia miguu, akaniuliza kama tumefurahia matembezi.

*

Siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi, Bwana Pole alinipigia mwenyewe. Wakubwa wake walikuwa tayari kulipokea tatizo rasmi na kulijibu kwa maandishi. Walitaka kitu kimoja: kumbukumbu kamili ya programu kwa miezi miwili, kila faili lilipofunguliwa na kuhifadhiwa, na sahihi ya mkuu wa taasisi juu yake.

Nilizichapisha siku ile ile. Kurasa arobaini na moja. Nikaketi kuzisoma, na kabla sijafika ukurasa wa pili nikaanza kuzifunua haraka haraka.

Jina lilikuwa moja. Kila mstari, kila ukurasa, jina la Mjomba.

Ghala lilipowekwa hapa, niliagizwa kumpa kila fundi jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Niliandaa orodha, nikaikata vipande vipande, kila fundi na karatasi yake, nikatoka nayo. Mchongaji akasema kichwa chake kimejaa, hakina nafasi ya neno la siri lingine, yeye ataendelea kutumia la Mjomba, ambalo kwanza limeandikwa ukutani kwa kalamu ya risasi juu ya kompyuta ya kwanza. Wengine wakasema na wao hivyo hivyo. Walikuwa watu wazima, wenye umri wa baba zangu. Nilisimama na vile vikaratasi mkononi, nikasema sawa. Nikarudi chumbani, nikavitia kwenye droo. Hiyo ndiyo sababu mchongaji alipobonyeza hifadhi saa tano na dakika kumi, programu iliandika kwamba aliyebonyeza ni Mjomba. Inaandika jina la mtu tu. Haiandiki alikaa kompyuta gani.

Kwa hiyo ili nimtoe Mjomba, ilinibidi nimpelekee Mkuu kurasa arobaini na moja za kosa langu, azitie sahihi. Na hata zikitiwa sahihi, Bwana Pole angeweza kusema kwamba mtu mmoja ndiye aliyefungua faili mara mbili, na programu haimfungii mtu mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nisipozipeleka, hapakuwa na karatasi. Nilizitia kwenye droo ile ile, juu ya vile vikaratasi.

Zilikaa humo siku mbili. Siku ya pili, wakati wa chakula, Mjomba aliingia chumbani kwangu. Alipindua ndoo ya zamani ya plasta, akakalia. Lazima alikuwa ameziona, maana droo ile haifungiki vizuri.

"Mjomba," aliniita. Tangu nikiwa mdogo mimi na yeye tunaitana jina moja. "Hizo karatasi ziache zilipo."

Nikasema haziwezi kukaa, mwisho wa mwezi ni wiki ijayo.

"Mimi nimebakiza miaka miwili. Wewe umeanza juzi. Wakikuandika vibaya sasa, utaandikwa vibaya kila utakapokwenda."

"Stoo utafanya nini?"

"Nitapokea ndoo. Nitatoa ndoo."

"Na mikono yako?"

Aliitazama. Plasta haitoki kabisa kwenye mistari ya viganja vyake. Mama husema kaka yake akipunga mkono anaonekana toka mtaa wa pili.

"Itazoea," alisema.

 Kisha mtu aligonga kidirishani akitaka Mguu, nikampa, na nilipogeuka Mjomba alikuwa ameshaiweka ndoo mahali pake na kutoka.

Jioni ile kabla ya kufunga, niliandika karatasi nyingine. Ilikuwa na sentensi nne. Nikaingia kwa Mkuu, nikasimama, nikazisoma zote nne bila kuinua macho. Ya mwisho ilikuwa: niliona wanatumia jina moja nikanyamaza, kwa sababu niliona haya.

Mkuu alifunua kurasa moja moja. Alipofika ya mwisho aliuliza kama Mjomba anajua nimekuja. Nikasema hajui. Akatia sahihi, akapiga muhuri.

"Hili lako tutalizungumza," alisema. "Kwanza peleka."

*

Bwana Pole alipiga simu baada ya siku mbili. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Wamesoma kumbukumbu, mtumiaji ni mmoja, programu haina kosa, pole sana, wanafunga tatizo.

Karatasi yangu ilikuwa na jibu la hilo, maana nilikuwa nimelitarajia: nimejaribu tena kwa majina mawili tofauti, na mafaili yanafukiana vile vile. Nikalisoma. Akasema basi hilo litakuwa la wenye Ghala.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukipanga. Nilimwomba asikate. Nikachukua simu ya ofisi, nikampigia Dada Namba, nikampa namba yake aliyoipenda, nikaweka simu zote mbili mezani, sauti zikiwa wazi, zikitazamana.

"Tafadhali zungumzeni," nikasema.

Walianza kwa adabu, kama wakwe. Dada Namba akasema programu inaomba kwa mtindo wa zamani, Bwana Pole akasema Ghala ndilo linalojibu vibaya. Nikawaambia ninafanya jaribio sasa hivi, nikawa natangaza kila ninachobonyeza. Nimefungua huku. Nimefungua na huku. Nimehifadhi. Nimehifadhi. Zote zimesema Imehifadhiwa.

"Rudia," alisema Bwana Pole. Hakusema pole.

Nikarudia. Nikasikia kibodi upande wake.

"Dada," alimwambia mwenzake, "programu mbili zikiliomba Ghala lenu kufungiwa faili lile lile, linajibuje?"

"Zikiomba kwa mtindo wa zamani? Linasema ndiyo."

"Ya kwanza inaambiwa ndiyo. Na ya pili?"

"Na ya pili. Mtindo wa zamani linaupokea kwa heshima tu, halifungi kitu. Imeandikwa kwenye mwongozo wetu."

Kibodi ya Bwana Pole ikalia tena. 

"Hili tunalo," alisema taratibu. "Liko kwenye orodha yetu. Wateja wengine wawili wameshalileta."

Nikauliza tangu lini. Akasema mwaka juzi. Nikauliza litarekebishwa lini. Akasema katika toleo lijalo. Nikauliza toleo lijalo linatoka lini, akasema tarehe bado haijapangwa. Nikaomba aandike hayo. Akasema kampuni haiandiki barua za namna hiyo, ataniandikia kwamba tatizo linashughulikiwa.

Nikanyamaza. Haukuwa ujanja. Karatasi yangu ilikuwa imeisha na sikuwa na sentensi nyingine. Nilizitazama zile simu mbili na kungoja, na nadhani mtu mwenye haya anaweza kungoja ndani ya ukimya muda mrefu kuliko watu wengine, kwa sababu amezoea kuishi humo. Nje mashine ya kusaga ilianza, ikasimama, ikaanza tena.

"Kaka," alisema Dada Namba hatimaye, "mwandikie. Mistari mitatu tu."

Barua ilikuja zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba programu yao, ikitumiwa na ghala la aina yetu, inaweza kufukia kazi ya fundi bila onyo, kwamba fundi hawezi kujua limetokea, na kwamba kampuni inalifahamu.

Mkuu alimwita Mjomba, akaichana mbele yake ile barua ya kumtaka aeleze. Saa moja baadaye aliniita mimi, akanipa ya kwangu. Ilikuwa onyo, na chini yake maagizo: kila fundi apewe jina lake leo hii, na utaratibu wa Mguu uendelee chini ya usimamizi wangu, bila likizo wala ruhusa, mpaka toleo jipya litakapofika. Nikasema sawa. Safari hii sikuwa na kitu cha kutia kwenye droo. Niligawa vile vikaratasi, na mchongaji alipoanza kusema habari za kichwa chake, nilisimama mbele yake mpaka akakipokea.

Fundi cherehani alivalishwa kikombe kipya wiki iliyofuata. Alikwenda mpaka ukutani na kurudi, akaviachia vyuma, akaenda tena. Mjomba alikuwa ameweka kibao sakafuni kilichofungwa kama pedali. Yule mama akakikanyaga, akakanyaga, akasikiliza.

"Huu sasa ni wangu," alisema. "Hata nikiukana mtaani, utanifuata."

Nilikuwa nawatazama kupitia kidirisha. Nilitaka kumwona akitoka mpaka lango la nje, nikainuka, nikafika mlangoni. Kidirisha kikagongwa. Alikuwa mzee wa mikanda, anataka Mguu. Niliporudi na kumpa, yule mama alikuwa ameshaondoka, na Mjomba amesimama mbele ya msumari akifungua fundo kwa kucha.

Kila Jumatatu nampigia Bwana Pole. Tunajuana siku hizi. Anaulizia hali ya karakana, nami simsomei tena salamu kwenye karatasi. Kisha namuuliza, na anajibu bado. Sasa ni mwezi wa saba tangu barua ile ije.

Jumatatu iliyopita, baada ya kupewa bado ya wiki hiyo, Mjomba alikuja kidirishani. Akasema nimpe mkono. Nikaupitisha. Akazungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wangu, akapiga fundo pale ulipokutana, akauvua kwa kuupitisha juu ya vidole, na kuutundika kwenye msumari wa mwisho, pembeni kabisa, mahali ninapoweza kuuona nikiwa nimekaa.

Nikamuuliza huo ni wa mgonjwa gani.

"Nitaufungua siku utakayotoka," alisema.

Kisha akaniomba Mguu, maana ilikuwa zamu yake, nami nikampa.